Inhela ya kahawia ilienda wapi?

Shangazi shikamoo,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tanga mjini, nauza vitumbua na samaki wa kukaanga hapa hapa mlangoni kwangu. Ninayekuandikia habari zake ni huyu wa kati, wa kiume, ana miaka kumi na yuko darasa la nne. Ana pumu. Niliambiwa hivyo alipokuwa na miaka sita, lakini mimi naona kama ana magonjwa yote ya dunia: leo mafua, kesho kikohozi, keshokutwa kifua kimembana. Hamalizi wiki tatu akiwa mzima.

Tangu Januari nimehesabu siku 27 ambazo hakwenda shule, na mwaka huu ana mtihani wa taifa wa darasa la nne. Mwalimu wake ameshaanza kuniambia tufikirie kumrudisha la tatu.

Akizidiwa nampeleka kituo cha afya cha jirani, mara nyingi usiku wa manane kwa bodaboda. Wanamvutisha mashine ya mvuke, wanamchoma sindano, tunarudi na vidonge vya siku tano na antibayotiki. Siku nne tano anacheza, halafu yanarudi yale yale. Mwaka jana daktari wa hospitali kubwa alimwandikia inhela mbili. Ya bluu nainunua kila ikiisha, na inaisha haraka, karibu kila mwezi. Ile ya kahawia niliacha, maana akibanwa akiivuta hapati nafuu yoyote. Tena jirani yangu, mtu mzima mwenye kujua mambo, aliniambia mtoto akizoea dawa za kuvuta ndiyo basi tena, hatoki humo, na moyo unapanuka.

Mama mkwe tunaishi naye, na ndiye anayemfukiza ubani akibanwa. Yeye anasema mtoto ana kimeo kirefu, kikikatwa kikohozi kitakwisha, na kuna mzee anamfahamu wa kukata. Baba yake anataka tumpeleke Lushoto kwa babu yake akasomee huko kwenye hewa safi. Shuleni sijasema kuwa ni pumu, nimesema ni kifua tu, naogopa wenzake watamkimbia wakidhani anaambukiza. Mpira nimemkataza. Mchakamchaka wa asubuhi ananiambia hukaa nyuma ya choo mpaka wamalize.

Kilichonifanya nichukue kalamu ni juzi. Niliamka saa nane usiku kwenda msalani nikamkuta amekaa kitandani gizani, ameegemea ukuta, mabega yanapanda na kushuka. Nikamuuliza mbona hukuniamsha? Akasema, "Mama, si ulisema hela ya bodaboda imeisha."

Shangazi, tangu siku hiyo silali. Nifanye nini?

Mama wa watatu, Tanga

*

Marahaba, mwanangu. Pole sana, na umpe pole na yeye.

Kabla sijastaafu unesi nilikaa wodi ya watoto miaka mingi. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilishika kalamu nikapiga mstari chini ya maneno manne tu: "Ile ya kahawia niliacha." Kimeo, Lushoto na mchakamchaka tutavifikia, lakini tuanzie hapo, maana naona karibu kila kitu kwenye barua yako kimetokea hapo.

Ulichokiona kwa macho yako ni kweli. Mtoto akiwa amebanwa, ile ya kahawia haimfungui. Haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Mwenye pumu mirija yake ya hewa, ile midogo ndani ya mapafu, imevimba kwa ndani muda wote, hata siku anayokimbiza mpira uwanjani ukadhani amepona. Ikivimba hivyo inakuwa na hasira: moshi kidogo, mafua kidogo, ubaridi wa alfajiri, misuli inayoizunguka inakaza, ute unajaa, njia inabaki nyembamba kama mrija wa soda. Inhela ya bluu, ambayo dawa yake kwa kawaida ni salbutamoli, inalegeza ile misuli kwa dakika chache. Uvimbe inauacha pale pale. Ya kahawia, ambayo mara nyingi ni beklometasoni au budesonidi, ndiyo inayoshughulika na uvimbe, na inafanya hivyo polepole, kwa siku na wiki, ikivutwa asubuhi na jioni hata kama mtoto anaruka na kucheka. Nyumba ikivuja, ya bluu ni ndoo ya kukinga maji. Ya kahawia ni fundi anayepanda juu ya paa. Wewe fundi umemfukuza kwa sababu hajui kukinga maji, na sasa unanunua ndoo kila mwezi.

Sikulaumu. Kosa hili nimelikuta kwa akina mama wengi mno, na wengi walikuwa wamepewa inhela mbili ndani ya mfuko mmoja na maneno "tumia kama ulivyoandikiwa". Hapo nawalaumu wenzangu wa makoti meupe. Maelezo ya dakika tano tu yangekuokolea usiku mwingi wa bodaboda. (Ila usiamini rangi peke yake. Viwanda havifanani, soma jina la dawa kwenye kopo.)

Sasa tupige hesabu. Kopo la bluu kwa kawaida lina mipulizo 200. Likiisha kwa mwezi mmoja, mwanao anavuta kama mara sita au saba kila siku. Mtoto ambaye pumu yake imetulia haihitaji zaidi ya siku mbili kwa wiki. Miongozo ya kimataifa inasema mgonjwa anayemaliza makopo matatu au zaidi kwa mwaka yuko kwenye hatari ya kupata shambulio kubwa. Wako anakaribia kumi na mawili. Tangu mwaka 2019 jopo la GINA, linaloandika miongozo hiyo, limeacha kabisa kupendekeza watu wazima na vijana kuanzia miaka 12 watibiwe kwa bluu peke yake, na hata kwa watoto wa umri wa mwanao linataka dawa ya uvimbe iwemo. Kwa hiyo mwanao hana magonjwa yote ya dunia. Ana ugonjwa mmoja ambao umekuwa ukizimwa moto kila wiki tatu bila mtu kuuliza nani anaacha kibiriti.

Jirani yako ana nia njema, lakini amekosea. Dawa hizi hazileti uteja. Moyo kwenda mbio na mikono kutetemeka ni ya bluu hiyo, hupita, na huwa zaidi kwa vidonge na dawa ya maji ya salbutamoli kuliko ya kuvuta. Ya kahawia ni steroidi, yaani dawa ya jamii ya kutuliza uvimbe, ndiyo, na sitakuficha: kwa watoto wanaoitumia kila siku kwa miaka, urefu unaweza kupungua kidogo, kama sentimita moja hivi. Lakini vile vidonge vya siku tano unavyorudi navyo, nina hakika karibu kabisa kuwa ni predinisoloni, na hiyo ni steroidi pia. Kidonge kimoja cha miligramu 5 ni mikrogramu 5,000. Mpulizo mmoja wa kahawia mara nyingi ni mikrogramu 50 au 100, na unaingia moja kwa moja kifuani badala ya kuzunguka mwili mzima. Nguvu zake hazilingani uzito kwa uzito, lakini unaona mwenyewe ni ipi ya kuogopa ikirudiwa kila mwezi. Hivyo vidonge akizidiwa mpe, vinaokoa maisha. Tunachotaka ni asifike huko.

Cha kufanya wiki hii: mpeleke kliniki mchana, siku ambayo hajabanwa. Kliniki ya watoto ya hospitali ya mkoa ni bora, maana usiku wa manane wanaokupokea wana kazi ya kuzima moto tu, hawana nafasi ya kukaa na wewe. Nenda na inhela zote, hata zilizoisha, na hizo siku 27 umeziandika. Omba mambo mawili: wamwanzishie upya dawa ya kuzuia, yaani ile ya kahawia, kwa kipimo chake, na wakuandikie kwenye karatasi cha kufanya akiwa mzima, akianza kubanwa na akizidiwa. Waombe pia wamtazame kama ana homa za jioni au anapungua uzito, tusije tukamfunika mtoto mwenye kifua kikuu kwa jina la pumu. Antibayotiki mwulize daktari kila mara ni ya nini. Mafua yanayoamsha pumu kwa kawaida ni ya virusi, na virusi havisikii antibayotiki.

Halafu ukiwa hapo hapo, mwambie mwanao avute mbele ya nesi, kila mtu aone. Nakuomba usiliruke hili. Nimeona watoto wakipuliza dawa kwenye ulimi, wengine wakiipuliza mdomoni na kuitoa puani kama wavuta sigara, na mama mmoja alikuwa akiinyunyiza hewani mbele ya uso wa mtoto kama manukato ya harusi. Dawa inatoka kwenye kopo kwa kasi kuliko mtoto anavyoweza kuivuta, kwa hiyo inahitaji chombo cha kati kinachoitwa spesa. Ikiwa duka la dawa halina au bei inakushinda, chupa ya maji ya nusu lita inatosha. Sikubahatishii: madaktari wa Cape Town waliijaribu kwa watoto waliobanwa, na mwaka 1999 matokeo yao yalichapishwa kwenye jarida la Lancet. Chupa ya plastiki ya 500 ml ilifanya kazi sawa na spesa ya dukani.

Namna ya kuitengeneza ni hivi. Osha chupa, iache ikauke. Kunja waya mnene ufuate umbo la mdomo wa inhela, upashe moto, toboa kitako cha chupa, kisha uingize inhela papo hapo plastiki ikiwa bado laini ili ibane pasibaki upenyo. Pembeni zungushia gundi au selotepu. Mtoto anashika shingo ya chupa kwa midomo. Tikisa inhela, bonyeza mara moja tu, avute na kutoa pumzi polepole ndani ya chupa mara nne mpaka sita. Subiri kama nusu dakika, tikisa tena, ndipo mpulizo wa pili. Ukibonyeza mara mbili kwa pamoja unapoteza dawa. Kila wiki ioshe kwa maji ya sabuni na uiache ikauke yenyewe bila kuifuta kwa kitambaa, maana ukiisugua plastiki inaanza kuidaka dawa kwenye kuta zake. Baada ya ya kahawia asukutue na kutema, la sivyo atapata utando mweupe mdomoni.

Na andika tarehe kwenye kopo siku unayolifungua. Ikiwa ameandikiwa miwili asubuhi na miwili jioni, kopo la mipulizo 200 linakwisha siku ya 50. Baada ya hapo bado litatoa moshi ukilibonyeza, ila ni upepo, dawa haimo. Kuhusu bei, weka hela ya kopo hilo kando ya nauli za bodaboda, sindano na vidonge vya mwezi mmoja na nusu. Wewe ni mfanyabiashara, utaniambia mwenyewe.

Akibanwa nyumbani: mkalishe wima, usimlaze. Kuna utaratibu unaofundishwa Australia ambao naupenda kwa sababu hausahauliki, wa nne nne. Mipulizo minne ya bluu, mmoja mmoja, kila mmoja pumzi nne ndani ya chupa, halafu ngoja dakika nne. Hajapata nafuu, rudia minne mingine. Bado, ondokeni, na njiani mwendelee hivyo hivyo kila dakika nne. Ila usisubiri hata raundi ya kwanza iishe ukiona hawezi kumaliza sentensi, ngozi kati ya mbavu inaingia ndani, midomo inabadilika rangi, au amekuwa mzito wa usingizi. Na akiwa amechoka hoi halafu kifua kikaacha kupiga filimbi, usifurahi. Kimya hicho maana yake hewa haipiti tena.

Shule umewaficha, na matokeo yake mtoto anajificha nyuma ya choo. Nenda kwa mwalimu wa darasa, useme neno pumu kwa mdomo wako, useme haiambukizi, umwonyeshe inhela ya bluu na umwachie nakala ya ile karatasi ya daktari. Inhela yenyewe ikae mfukoni mwa mtoto. Ikikaa kwenye kabati la ofisi ya mwalimu mkuu, siku ya kuhitajika mwenye ufunguo atakuwa semina. Kazi ya kufagia uwanja asubuhi wambadilishie, amwagilie maua au achote maji, maana lile vumbi la fagio la chelewa linamshinda hata mzima. Kufuta ubao hivyo hivyo. Na rafiki yake mmoja afundishwe ile nne nne. Watoto wa miaka kumi wanashika haraka kuliko walimu.

Mpira mrudishie. Usiku huu la, lakini dawa ya kuzuia ikishashika, wiki kadhaa mbele, daktari akikubali. Watoto wengine huvuta bluu dakika 10 au 15 kabla ya kukimbia, ulizia kama na yeye anahitaji. Paula Radcliffe wa Uingereza ana pumu, na rekodi yake ya dunia ya marathoni ya wanawake aliyoiweka London mwaka 2003 ilisimama mpaka Mkenya Brigid Kosgei alipoivunja Chicago mwaka 2019. Mchakamchaka wa kuzunguka shule si kitu.

La kurudishwa darasa la tatu usilikubali sasa. Mwombe mwalimu asubiri muhula mmoja mkiwa kwenye matibabu ya kweli. Siku 27 za kukosa si ujinga wa mtoto.

Nyumbani, jiko lako la samaki. Najua ndilo linalowalisha, sikwambii uache. Lisogeze mbali na mlango na dirisha la chumba anacholala, na uangalie upepo; kusi likivuma moshi wote wa mkaa na mafuta unaingia ndani. Dawa ya mbu ya kuchoma itupe, alale ndani ya chandarua, na chandarua kifuliwe, kisiwe ghala la vumbi. Mto wa sufi na godoro la makumbi la zamani vinafuga wadudu wadogo wa vumbi wasioonekana, na hao ni adui wakubwa wa pumu. Godoro litoe juani, shuka zifue kwa maji ya moto, na ule ukungu wa ukutani unaobaki baada ya masika uusugue yeye akiwa shuleni.

Ubani ndio mgumu, kwa sababu nyuma yake yupo mkweo. Huo nao ni moshi, na anapewa saa ile ile mirija imeziba. Usimwendee na ubishi. Nenda naye kliniki. Yale yale ukiyasema wewe ni ukaidi wa mkamwana, akiyasema daktari ni elimu. Mkirudi, mkabidhi kazi: yeye ndiye awe mwenye zamu ya ile ya kahawia, baada ya alfajiri na baada ya magharibi. Bibi anayeswali kwa wakati hasahau dawa, mimi nimeliona hilo zaidi ya mara moja. Akitaka kufukiza nyumba, afukize mtoto akiwa shule, madirisha wazi.

Kimeo, hapana. Kimeo kiko kooni, na ugonjwa uko chini kabisa kifuani. Ni kama kung'oa mlango wa mbele kwa sababu jikoni kunafuka moshi. Nimepokea watoto waliotoka kukatwa, kanga ya mama imelowa damu, na wapo walioishia kwenye pepopunda na usaha wa koo. Huyo mzee asimguse.

Lushoto kuna hewa nzuri, mimi mwenyewe napenda kwenda. Lakini usiku wa Juni na Julai kule baridi inauma, na majiko mengi ni ya kuni ndani kwa ndani. Baridi na moshi vyote huamsha pumu. Pumu itapanda naye gari. Likizo aende kwa babu, na inhela mbili na chupa yake, na babu aonyeshwe. Kuishi, abaki kwako.

Sasa yule aliyekaa gizani saa nane usiku. Mkalishe, wewe na baba yake, mmwambie kuwa habari za hela si zake. Wekeni nauli ya kwenda na kurudi kwenye kopo, aione kwa macho, ajue lilipo, na asiiguse mtu hata mkaa ukiisha. Bluu na chupa vikae kichwani pake, ndani ya chandarua. Halafu mpe daftari la kurasa chache, kila asubuhi aandike mwenyewe: nimelala, au nimeamka na kubanwa. Zipite wiki nane, uniandikie tena, na kwenye barua hiyo nataka kwanza kabisa idadi ya zile za pili.

Shangazi